Mita Kwanza, Bili Baadaye: Umeme, Gesi na Maji kwa Familia Inayohamia Uingereza

Aliyekulia kwenye LUKU, au kwenye tokeni za Kenya Power, ana mazoea ambayo Uingereza hayamsaidii sana. Nyumbani unanunua yuniti, unaingiza tarakimu 20 kwenye mita, unaziona zikipungua, na zikiisha unajua papo hapo. Hakuna wa kukudai umeme wa miezi minne iliyopita. Uingereza mambo ni kinyume katika nyumba nyingi: unatumia kwanza, kampuni inakadiria, inakata fedha benki, na hesabu kamili inakuja nyuma, pengine baada ya baridi yote kupita. Ndiyo maana familia nyingi zinazotoka Dar, Mombasa au Bujumbura hupokea bili ya kwanza ya mamia ya pauni na kuamini wameibiwa. Wachache huwa wameibiwa kweli. Wengi wameishi kwa mkopo ambao hawakuambiwa kwamba ni mkopo.

Katika mpango huo mwenye nyumba anasema lake, dalali lake na kompyuta ya kampuni lake. Namba zilizo kwenye mita ndizo zinazomaliza ubishi, na anayezimiliki ni yule aliyezipiga picha. Ninayoeleza hapa yanahusu Uingereza yenyewe, yaani England, ingawa mengi ya umeme na gesi ni yale yale Wales na Scotland.

Siku ya kupewa funguo

Kabla ya kufungua masanduku, tafuta mita. Ya umeme mara nyingi iko kwenye kabati chini ya ngazi au juu ya mlango. Ya gesi huwa kwenye kisanduku cha plastiki ukutani nje. Kwenye maghorofa zinaweza kuwa zote kwenye chumba kimoja chini, zimepangwa kwa safu, na hapo hakikisha namba ya mita ni ya nyumba yako na si ya jirani. Piga picha inayoonyesha tarakimu pamoja na namba ya mita yenyewe. Zitume kwa dalali kwa barua pepe siku hiyo hiyo, kisha kwa kampuni ya nishati ukishaijua.

Haraka hiyo ina sababu. Tangu siku mkataba wako wa pango unapoanza, hata kama hujalala humo, sheria inakuhesabu kuwa mteja wa kampuni uliyoikuta ikihudumia nyumba hiyo. Hukusaini chochote, lakini unadaiwa. Kama hakuna aliyepeleka namba za siku uliyoingia, kampuni itaweka makadirio. Makadirio yakiwa chini ya ukweli, umeme uliopikia chakula cha mpangaji aliyepita unaandikwa kwako.

Kampuni yenyewe utaijuaje? Muulize dalali kwanza. Akikosa jibu, kuna huduma ya taifa ya kutafuta kampuni ya gesi kwa anwani, na kwa umeme kampuni inayomiliki nyaya za eneo lako itakuambia nani anakuuzia. Barua zinazoandikwa “kwa mkaaji” bila jina usizitupe, kwa kuwa ndiyo njia yao ya kukutafuta. Zenye jina la mtu mwingine zirudishe kama zilivyo, umeandika kwenye bahasha kwamba hakai hapo tena.

Mkataba huo wa kukutwa nao hauna faini ya kutoka. Ukipata bei nzuri kwingine unahama, na kuhama kwa kawaida huchukua siku tano za kazi. Mpangaji anayelipa bili mwenyewe ana haki ya kuchagua kampuni, hata kama dalali anazungumza kana kwamba yake ndiyo pekee. Kama pango linajumuisha bili, soma kifungu cha kiwango cha matumizi, maana “bili zote ndani” mara nyingi huwa na kikomo ambacho familia yenye watoto watatu hukivuka ifikapo Januari. Na mwenye nyumba anayekuuzia umeme kwa mita yake ya ndani haruhusiwi kukutoza yuniti moja kwa bei kubwa kuliko anayolipa yeye.

Bili inasemaje

Bili ya nishati ina vitu viwili: bei ya yuniti, ambayo ni kilowati-saa moja, na ada ya kila siku ambayo unalipa hata ukisafiri kwenda msibani mwezi mzima na nyumba ikabaki tupu. Hii ada ndiyo inayowaudhi Watanzania zaidi, nami nawaelewa. Katika robo ya mwisho ya mwaka 2025, kwa anayelipa kwa makato ya benki, kikomo cha bei kilichowekwa na mdhibiti, Ofgem, kilikuwa kwa wastani peni 26.35 kwa yuniti ya umeme na peni 6.29 kwa yuniti ya gesi. Ada za kila siku zilikuwa peni 53.68 kwa umeme na peni 34.03 kwa gesi. Jumlisha ada hizo mbili: karibu peni 88 kwa siku, yaani pauni 320 kwa mwaka kabla hujawasha taa.

Kikomo hicho, ambacho kilianza Januari 2019 na sasa hubadilishwa kila miezi mitatu, kinaeleweka vibaya mno. Katika robo hiyo ya mwisho ya 2025 redio ilitangaza kwamba ni pauni 1,755 kwa mwaka, na watu wakadhani hakuna anayeweza kudaiwa zaidi ya hapo. Ile ni hesabu ya nyumba ya matumizi ya kawaida. Kinachozuiwa ni bei ya yuniti na ada ya siku. Matumizi yako hayana kikomo. Nyumba yenye watu sita, bibi akiwa ndani mchana kutwa na mtoto mchanga wa kuogeshwa, itapita hapo bila mtu kuvunja kanuni yoyote.

Angalia pia herufi iliyo pembeni ya namba za mita kwenye bili. Bili nyingi huandika E kwa makadirio, A kwa namba zilizosomwa na mtu wa kampuni, na C kwa zile ulizotuma mwenyewe. Ukiona E inafuatana miezi mitatu, hiyo bili haijui unatumia nini. Peleka namba.

Gesi inastahili maelezo zaidi, kwa sababu mita inapima ujazo ilhali bili inahesabu yuniti za nishati. Chukua mfano. Mwezi umeanza mita ikisoma 4210 na umeisha ikisoma 4290. Umetumia mita za ujazo 80. Kampuni inazidisha kwa 1.02264, kisha kwa kiwango cha joto cha gesi ambacho huwa karibu 39.5, halafu inagawa kwa 3.6. Unapata takriban yuniti 898. Kwa peni 6.29 hiyo ni pauni 56 na ushei, bila ada ya siku. Kwa kukumbuka haraka: mita moja ya ujazo ni kama yuniti 11.

Lakini nyumba za zamani zina mita zinazopima kwa futi za ujazo, kwa mamia, na hapo hesabu huzidishwa tena kwa 2.83. Mita ikiwa ya kisasa na kompyuta ya kampuni ikaiandika kuwa ya futi, bili yako inakaribia kuwa mara tatu ya haki. Makosa ya namna hii hutokea, na mtu anaweza kuyalipa miaka bila kujua. Tazama uso wa mita: ukiona m³, kisha ukaona kwenye bili wamezidisha kwa 2.83, piga simu siku hiyo hiyo.

Kwa nini wanakata zaidi ya ulichotumia

Makato ya benki ya kila mwezi ndiyo njia ambayo kampuni nyingi huipenda. Wanakisia matumizi ya mwaka mzima, wanagawa kwa 12, wanakata kiasi kile kile Julai na Januari. Julai hutumii hata nusu ya kinachokatwa, kwa hiyo salio linajengeka. Januari unalila salio hilo. Mtu aliyehamia Mei ataona kampuni inashikilia pauni 150 zake na kukasirika. Aliyehamia Novemba anapatwa na kinyume chake: anaingia moja kwa moja kwenye miezi ghali bila akiba, na ikifika Machi makato yanapandishwa ghafla ili kuziba pengo. Wa Novemba ndiye wa kuonewa huruma. Kama wewe ndiye, peleka namba za mita kila mwezi tangu mwanzo na uombe makato yapangwe upya mapema, badala ya kungoja barua.

Salio likizidi kiasi kinachoeleweka unaweza kudai lirudishwe. Ningelifanya hilo mwishoni mwa baridi, si Septemba.

Kuna kinga moja ambayo wengi hawaijui. Kampuni ikishindwa kukutoza ipasavyo, haiwezi kurudi nyuma zaidi ya miezi 12, ilimradi hukuwazuia kusoma mita. Kwa hiyo akikujia mtu na bili ya miaka mitatu, mwambie akuonyeshe aliwahi kukutoza lini.

Mita ya tokeni

Ukikuta mita ya kulipia kabla utafurahi, kama aliyekutana na mtu wa kwao ugenini. Unachukua ufunguo wa umeme au kadi ya gesi, unakwenda duka la pembeni lenye mashine ya malipo, unaongeza pauni 20, unarudi kuchomeka. Mita janja, zinazowasiliana na kampuni zenyewe, huongezewa kwa programu ya simu. Hata hivyo inafanana na LUKU kwa sura tu, na tofauti zake zina gharama.

Kwanza, deni linaweza kukaa ndani ya mita. Mpangaji aliyeondoka akidaiwa pauni 200, na wewe ukaendelea kutumia ufunguo wake uliouachiwa juu ya friji, kila unapoongeza fedha sehemu inakwenda kulipa deni lake. Tanzania watu wamezoea LUKU kukata kodi ya jengo tangu 2021, kwa hiyo wakiona makato wanadhani ni kodi fulani na kunyamaza. Usitumie ufunguo wala kadi uliyoikuta. Pigia kampuni, sema wewe ni mpangaji mpya, watakupa mpya na kufuta deni lisilo lako.

Pili, ada ya kila siku inaendelea kukatwa hata usipotumia. Kiangazi familia haiwashi joto, inasahau kuongeza gesi, na mita inashuka chini ya sifuri taratibu. Oktoba baridi inapoingia, unaweka pauni 10 na hakuna gesi, kwa sababu ada za majira mazima zimeila fedha hiyo. Ongeza pauni chache kila mwezi wakati wa kiangazi.

Tatu, kuna mkopo wa dharura wa pauni chache, na mita nyingi hazikati usiku na wikendi hata salio likiisha. Huo si msaada wa bure. Unalipwa mara unapoongeza.

Nne ni habari iliyopitwa na wakati. Utaambiwa na wenyeji kwamba mita hizi ni ghali kuliko makato ya benki. Ilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Aprili 2024 Ofgem ilisawazisha ada ya kila siku, na tangu hapo hoja hiyo imeisha nguvu. Tatizo lililobaki ni kwamba Januari yote unailipa Januari. Kwa anayelipwa mshahara kwa wiki, mimi naona mita ya tokeni inafaa zaidi kuliko wataalamu wengi wanavyokubali, maana angalau unaona fedha inakokwenda.

Joto ndilo linalokula fedha

Rudi kwenye zile bei: yuniti ya umeme inazidi ya gesi mara nne. Kile kihita kidogo cha umeme cha kilowati 2 kinachouzwa bei rahisi supamaketi, ukikiwasha kwa muda wa saa tano kila jioni, kinakula yuniti 10, yaani pauni 2.64 kwa siku, karibu pauni 79 kwa mwezi kwa chumba kimoja. Nyumba yenye boila ya gesi hupashwa joto kwa nafuu zaidi kwa kuwasha redieta za vyumba mnavyokaa na kupunguza za vile visivyo na mtu. Boila ikiharibika ni kazi ya mwenye nyumba kuitengeneza, na usikubali vihita viwili vya kuazima viwe jibu la miezi miwili. Ni wajibu wake pia kukupa cheti cha usalama wa gesi kinachofanywa upya kila miezi 12.

Kwenye maghorofa yasiyo na gesi utakuta hita nzito ukutani zinazojaza joto usiku na kulitoa mchana. Mita yake ina mistari miwili ya namba, wa bei ya usiku na wa bei ya mchana. Tazama saa mbili usiku mnapopika ni mstari upi unapanda. Huo ndio wa mchana. Kama bili inauita wa usiku, kampuni imeipindua na unalipa bei ya juu kwa umeme wa usiku.

Na jambo ambalo silisemi kwa utani: jiko la mkaa lisiingie ndani, hata kwa nyama choma ya Krismasi, hata dirisha likiwa wazi. Nyumba hizi zimezibwa zisipitishe upepo, na kaboni monoksidi haina harufu. Tangu Oktoba 2022 mwenye nyumba anatakiwa kuweka king’ora chake kwenye chumba cha kuishi chenye boila au meko ya kudumu. Ukinusa gesi, namba ni 0800 111 999, saa zote, bure. Umeme ukikatika mtaa mzima, piga 105.

Maji, halmashauri na televisheni

Kampuni ya maji huchagui. Ukikaa Reading ni Thames Water, ukikaa Leicester ni Severn Trent, basi. Tangu sheria ya mwaka 1999 hawaruhusiwi kukata maji ya nyumba ya kuishi, ingawa deni wanaweza kulifuatilia mahakamani. Swali la maana ni moja: una mita au huna? Nyumba isiyo na mita hulipa kiasi maalumu kinachotokana na thamani iliyopangiwa zamani, bila kujali mnaoga mara ngapi. Kwa watu sita kwenye nyumba ya vyumba viwili hiyo ni neema, kwa hiyo msikimbilie kuomba mita. Scotland maji huunganishwa na kodi ya halmashauri.

Kodi hiyo ya halmashauri ni tofauti na pango, na inamwangukia mpangaji. Nyumba zimepangwa madaraja A hadi H kwa thamani ya mwaka 1991. Hulipwa kwa awamu 10 kuanzia Aprili, na unaweza kuomba ziwe 12. Mtu mzima anayeishi peke yake, au na watoto tu, hupunguziwa asilimia 25. Mwanafunzi wa muda wote hahesabiwi. Na mke au mume wake asiye Mwingereza, ambaye viza inamzuia kufanya kazi au kudai misaada ya serikali, naye hahesabiwi. Hapo uwe makini: punguzo la anayeishi peke yake si msaada wa serikali na halina madhara kwa viza, lakini punguzo la kodi kwa sababu ya kipato kidogo limo kwenye orodha ya fedha za umma. Kama viza yako imeandikwa huna haki ya fedha za umma, usiliombe kabla hujapata ushauri wa mtu mwenye idhini ya kushauri mambo ya uhamiaji.

Leseni ya televisheni inahitajika kwa anayetazama matangazo ya moja kwa moja ya kituo chochote, kwa kifaa chochote, au anayetumia iPlayer ya BBC. Anayetazama filamu za Netflix tu haihitaji, na anaweza kuwaarifu hivyo mtandaoni ili barua za vitisho zipungue. Intaneti ni rahisi zaidi: soma muda wa mkataba, ambao mara nyingi ni miezi 18 au 24, ukilinganisha na muda wa pango lako. Ukinunua kwa simu au mtandaoni una siku 14 za kujitoa.

Jina kwenye bili, na pa kulalamika

Wekeni majina ya wote wawili, baba na mama, kwenye angalau bili moja. Benki huitaka kama uthibitisho wa anwani, na wanandoa wanaoongeza viza huombwa barua zenye majina yao na anwani moja. Nimeona mama aliyekaa miaka na jina lake halipo kwenye karatasi yoyote ya nyumba ile, na kufungua akaunti yake tu ikawa safari ndefu.

Familia yenye mtoto chini ya miaka mitano, mjamzito, mzee, au mtu asiyejua Kiingereza vizuri inaweza kujiandikisha kwenye rejesta ya huduma za kipaumbele ya kampuni yake ya nishati na ya maji. Ni bure, wala si fedha za umma. Malalamiko peleka kwa kampuni yenyewe kwa maandishi; zikipita wiki nane bila suluhu, msuluhishi wa nishati anayapokea bila malipo. Citizens Advice, shirika la kushauri wananchi, nao hushauri bure.

Mkihama, piga picha za mita tena siku ya kurudisha funguo, peleka namba na anwani mpya. Kampuni ina wiki sita za kutoa bili ya mwisho, kisha siku 10 za kazi za kurudisha salio kama lipo. Kama mnarudi nyumbani kabisa, msifunge akaunti ya benki ya Uingereza kabla fedha hizo hazijaingia, na msitegemee kutumiwa kwa M-Pesa.